Siku Nne za Pazia

Kwa miaka kumi na tisa baba mkwe wangu hakuwahi kusema nami neno hata moja, na sikumlaumu, maana na mimi sikuwahi kusema naye. Kwetu Rungwe ndivyo tulivyolelewa. Mke wa mtoto haonani uso na baba wa mumewe. Akija njiani unapisha, unageukia migomba. Akikaribia nyumba anakohoa mara mbili ili upate nafasi ya kuingia ndani. Jina lake hulitaji, na hapa pia sitalitaja, msinisumbue. Vijana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, hiyo ni shauri yao. Sisi wawili tulishika ya zamani.

Tukiwa na la kuambiana tulimtumia mbwa. Mzee alisimama uani akasema, Komando, mwambie mwenye nyumba mkungu umeiva. Mimi jikoni nikamjibu Komando kwamba nimesikia. Komando wa kwanza akafa, tukapata Komando wa pili, mazungumzo yakaendelea bila tabu.

Basi fikirieni Jumatatu ile.

Niliamka saa moja asubuhi nikiwa na njaa. Kitanda cha kliniki kilikuwa kimeshakunja mikono yake miwili ya kuogeshea, na taa yake ilikuwa ya kijani, yaani mgonjwa ruksa kusimama. Nikajikagua kama ilivyokuwa kawaida yangu. Nywele hakuna. Kucha nyeusi. Ncha za vidole zimekufa ganzi, na ulimi ukipita mdomoni unakutana na makovu ya vidonda. Hiyo ilikuwa dripu ya nne kati ya sita, na kwa hesabu yangu mimi sikuwa nimeumwa hata siku moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya Pazia. Ni kibati kidogo tu, wanakupachika nyuma ya sikio. Alhamisi mchana wanakuchoma dripu ya saratani na sindano ya usingizi, muuguzi anakigusa kile kibati, unafumba macho, gari la kliniki linakurudisha nyumbani, na ukifumbua ni Jumatatu. Kutapika, kuhara, homa, mdomo kuwa kidonda kitupu, yote hayo yanaupata mwili wakati mwenyewe umelala. Kila mtu alijua hivyo. Mimi ni mwonjaji katika kiwanda cha chai, na kila nikirudi kazini wenzangu walikuja kunipa pole. Niliwakatalia. Pole ya nini, nikawaambia, mimi sikuwepo.

Kulikuwa na sharti moja. Lazima mgonjwa awe na mlinzi, mtu wa kukaa jirani na kitanda kwa siku zote nne, na mlinzi huyo awe mtu ambaye mgonjwa hana mazungumzo naye. Hawakueleza sababu na sisi hatukuuliza. Wengi huletewa mgeni na kliniki. Mume wangu Gwakisa hakutaka mgeni alale nyumbani kwake, akafikiri kidogo, akasema, si yupo baba? Nani mwingine asiyeongea na mke wangu? Afisa wa kliniki aliposikia desturi yetu alifurahi kupita kiasi, akasema mlinzi wa namna hiyo hawajawahi kumpata. Mzee akatia saini kiapo cha kunyamaza. Akawekewa kiti barazani, nje ya dirisha la chumba changu, na Gwakisa akawa anahamia gereji kwake hadi Jumatatu. Kazi yote ingefanywa na kitanda. Mzee angekaa tu.

Jumatatu ile nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai. Kikohozi sikukisikia. Nilisikia miguu, mle mle ndani, nyuma yangu.

"Subilaga," akasema. "Usigeuke. Nisikilize tu."

Kijiji kizima kinaniita Mama Tumpe. Jina langu lilipotoka kinywani mwa mzee yule sufuria ilinitoka mkononi, maji yakamwagika hadi mlangoni. Nikavuta kitenge usoni. Nilijua kwamba Gwakisa amekufa, kwa sababu hakuna kingine ambacho kingemfanya baba yake avuke kizingiti kile.

"Hulali," akasema. "Siku zile nne hulali. Unakuwa macho kama ulivyo sasa hivi. Kila Alhamisi jioni unazinduka, unaniuliza swali lile lile, mbona bado nipo. Nimeshalijibu mara nne. Safari hii umeniapisha. Umesema, mwambie huyo wa Jumatatu asinirudishe huku."

Nikasikia kitu kinawekwa mezani. Miguu ikatoka. Alipofika uani ndipo akakohoa, mara mbili, amechelewa.

*

Zilikuwa fomu za kuonjea. Tunazo kiwandani rundo zima: sampuli, rangi, ukali, uzito, maoni. Mimi hubeba nyumbani kadhaa za kuandikia orodha ya sokoni. Hizi zilikuwa zimejazwa zote, mbele na nyuma, na mwandiko ulikuwa wangu. Herufi ya m yenye mguu mrefu, ninayogombezwa nayo tangu darasa la tatu, ilikuwa pale.

Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji yale yale, nikasoma.

"Dripu ya kwanza, Ijumaa. Maji ya bomba: chuma kitupu. Yanarudi. Uji wa ulezi wa moto: unaunguza vidonda, unarudi. Juisi ya ukwaju: usithubutu. Uji uliopoa, chumvi kidogo, bila sukari: unakaa nusu saa. Barafu ya maji ya tangawizi, kunyonya taratibu: inakaa."

Chini yake: "Mswaki acha, unachana fizi. Kitambaa laini na maji ya chumvi, kila saa. Kitanda kinaogesha vizuri lakini hakijui kuulizwa kitu."

Karatasi za dripu ya pili zilianza hivi: "Mzee amenipa karatasi za kwanza kupitia dirishani. Sikumbuki kuziandika lakini naona ni mimi. Nimeanzia kwenye barafu, nimeokoa siku nzima." Halafu: "Ndizi iliyopondwa na mtindi, kwa chupa ya ndama: inakaa saa mbili." Mzee ni bwana mifugo mstaafu. Amelea ndama wengi waliofiwa na mama zao, na hiyo chupa naijua, huning'inia kwenye msumari zizini. Nilicheka. Nilicheka peke yangu sakafuni, kisha nikaona nashindwa kuacha.

Dripu ya tatu mwandiko ulikuwa umepinda. Ya nne sikuweza kuusoma wote. "Fizi zinatoa damu. Miguu haihisi sakafu. Jumamosi nimeanguka kati ya kitanda na ukuta, mikono ya kitanda haifiki pale. Nimeita. Mzee ameingia ndani. Nimemwomba anishike mkono, amenishika."

Mstari huo niliurudia. Amenishika mkono. Mtu ambaye sijui hata macho yake ni ya rangi gani.

Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa za mtu asiyeiona vizuri karatasi: "Wewe wa Jumatatu. Unakunywa chai na kusema hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Usinirudishe."

*

Daktari Kibona ni kijana wa Kyela, mpole, ana tabia ya kufuta miwani isiyo na uchafu. Nilimwekea zile fomu mezani bila hata salamu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya nne, akavua miwani.

Nilitaka aniambie kwamba ni ndoto. Wagonjwa huandika wakiwa usingizini, kitu cha namna hiyo. Ningemwamini, tena ningemshukuru. Hakusema hivyo. Alieleza taratibu kwamba ile sindano ya usingizi ni ya safari ya gari tu, inaisha ukifika nyumbani. Kibati hakigusi maumivu. Ubongo, alisema, hauandiki mambo ya siku papo hapo, unayashika kwanza pembeni, na kibati kinazuia yasivuke kutoka pale kwenda kuhifadhiwa. Jumatatu alfajiri yanamwagwa yote, tangu ulipochomwa dripu.

Nikamwambia hiyo ni kazi yangu, naijua. Chai naivuta mdomoni, naisikia yote, kisha naitema kwenye ndoo. Siwezi kusema sikuionja.

"Basi ni hivyo, mama," akasema.

"Kwa hiyo nani anaumwa siku hizo nne?"

"Wewe."

"Na kwa nini mlituambia tunalala?"

"Sisi hatukusema mnalala. Tuliandika kwamba mgonjwa hatakuwa na kumbukumbu ya usumbufu. Watu wakasema wanalala, na sisi tukanyamaza."

Nilimuuliza basi kwa nini wasitoe dawa za kuzuia kutapika kama zamani. Akasema dawa za zamani zilikuwa na kipimo ambacho mtu anaweza kukivumilia na kurudi tena. Hii yangu ni mara tatu ya kipimo hicho. Iliruhusiwa baada ya Pazia kupatikana, kwa kuwa kwenye majaribio hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika.

Nadhani nilipiga meza. Sikumbuki vizuri, na nasema hivyo nikijua uzito wake.

Aliponipa maji nilimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nataka kupona, hilo sikuwa nimelisahau. Uvimbe wangu ulikuwa umebaki kama harage. Nikiacha kwenye ya nne utarudi, na ukirudi hautasikia dawa. Nikimaliza sita, wanaopona ni wengi sana. Na kwenye majaribio ya mwanzo, kabla ya Pazia, alisema, kati ya wagonjwa kumi waliopewa kipimo hiki wanne waliikimbia kabla ya kumaliza, wakijua kabisa kwamba wanakwenda kufa. Watu wenye akili zao. Mwalimu, askari, muuguzi wake mwenyewe.

"Ningekwambia mwanzoni, ungekuja ya pili?" aliniuliza.

Nikakusanya fomu zangu, nikaondoka.

*

Gwakisa alikuwa anajua. Hilo nalo nililipata jioni ile ile, bila hata kumbana sana. Baba yake alimfuata gereji baada ya dripu ya kwanza akamwambia, na yeye akamwomba baba yake anyamaze. Alilia aliponieleza. Alisema alichotaka ni mimi niishi, Tumpe akimaliza chuo anikute. Nilimwambia atoke mbele yangu. Wiki nzima nilimpikia na sikula naye meza moja. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu ninayempenda, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mahali pake ningefanya vile vile.

Usingizi ulikataa. Kila nikifumba macho namwona mwanamke yule amebanwa kati ya kitanda na ukuta, mwanamke mwenye sura yangu, na mimi ndiye ninayempeleka. Namvika nguo Alhamisi, nampandisha gari, nikirudi Jumatatu natafuta kiamsha kinywa. Kumwacha asiende maana yake ni kifo chake na changu. Kumrudisha nyuma ya pazia niliona ni unyama. Nikaona njia moja tu ya haki: niende mwenyewe, macho makavu, kibati kisiguswe. Nikiumwa, niumwe nikijua, na nikumbuke.

Nikamtangazia daktari. Akasema ni haki yangu, akanipa kitufe kidogo cheupe, kwa sababu kibati kinaweza kuwashwa saa yoyote kabla ya Jumatatu na kitafuta kumbukumbu zote kuanzia dripu. Nilimpa Gwakisa kitufe kile ampe baba yake, na ujumbe wangu: nikikiomba, asinipe, hata nipige magoti. Nilisema hivyo kwa kifua mbele, kama ninavyosema mambo mengi.

Alhamisi ya dripu ya tano niliketi kwenye kiti. Sindano ikaingia. Muuguzi akarudisha mikono yake mfukoni.

*

Yanayofuata nayasoma.

Ndiyo, nayasoma, kwenye fomu zangu. Kwa upande wangu mimi, muuguzi alirudisha mikono mfukoni na ikawa Jumatatu, saa moja asubuhi, taa ya kijani. Nililala pale nikitazama dari. Nilijua maana yake kabla sijainua kichwa. Fomu zilikuwa kifuani mwangu, zimebanwa na pini ya nepi.

Alhamisi jioni mwandiko ni mzuri, hata una maringo. "Nipo. Safari hii sikuuliza swali, najua kwa nini nipo." Ijumaa: barafu, uji uliopoa, chumvi, barafu. "Mzee amehamisha kiti kutoka barazani. Amekaa ndani, amenipa mgongo. Tunaongea hivyo. Ana hadithi ndefu ya ng'ombe aliyemeza saa ya mkuu wa wilaya." Jumamosi asubuhi herufi zinatawanyika. "Vidonda vimefika kooni. Barafu hairudi wala haiendi." Kisha mistari miwili ambayo si maneno.

Jumamosi mchana, hapa nimeunganisha fomu na alichonieleza mzee mwenyewe. Nilimwomba kitufe. Akanikumbusha ujumbe wangu. Nikamwambia aliyetoa ujumbe ule alikuwa mzima. Akakataa tena. Akafikiri naomba nafuu, akanieleza kwa upole kwamba kitufe hakitapunguza kitu, nitaumwa hadi Jumatatu vile vile, kitakachobadilika ni kwamba sitakumbuka. Nikamwambia najua. Nikamwambia anipe karatasi kwanza, niandike, asome, kisha aamue mwenyewe.

Hii ndiyo karatasi aliyosoma. Ilinichukua saa nzima kuiandika, anasema, na alinishikia ubao.

"Wa Jumatatu. Nilidhani nakutendea haki kuja macho wazi. Sasa nakwambia kweli. Mtu anayekumbuka hii harudi. Mimi nikiamka Jumatatu na kumbukumbu hii, Alhamisi ya sita sitapanda gari. Najijua. Nitatafuta sababu nzuri, nitakufa nayo. Wale wanne wa daktari hawakuwa waoga. Wewe usiyekumbuka ndiye unayeweza kwenda. Kwa hiyo nabonyeza. Safari hii hakuna aliyenidanganya. Usimgombeze mzee. Nenda ya sita."

Na pembeni, kwa herufi ndogo sana: "Nitakusubiri huko."

Mzee anasema aliisoma mara mbili. Akageuka, akanitazama usoni, akanipa kitufe.

*

Jumatatu ile sikulia mara moja. Nilikaa na karatasi ile hadi jua likafika mlangoni. Wiki tatu nzima nilikuwa nimemhurumia yule mwanamke kama mtu anavyomhurumia mgonjwa wa jirani. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye ananifikiria mimi. Yeye mwenye koo bovu, asiyeona vizuri, ambaye Jumatatu hataiona, alikaa saa nzima akiandika ili mimi nipone. Nilishikwa na butwaa hadi Gwakisa alipokuja akaniinua. Nikamwacha aniinue.

Dripu ya sita ni kesho. Sharti la kliniki nimelitupa: Gwakisa hahamii gereji, atakaa upande wa pili wa kitanda, na kama ya siku hizo nne yatavuja basi yavuje. Kitanda tumekisogeza kibanane na ukuta. Nimegandisha barafu ya tangawizi trei tano. Vitambaa nimechemsha, nimekunja. Chumvi ipo. Chupa ya ndama nimeiosha mimi mwenyewe.

Mchana wa leo mzee alikuja hadi mlango wa jikoni. Akakohoa mara mbili. Sikuingia ndani wala sikugeukia ukuta. Nikamwambia, baba, karibu. Akatazama viatu vyake, kisha akamgeukia mbwa. "Komando," akasema, "mwambie mwenye nyumba aongeze trei moja. Siku ya Jumamosi huwa zinaisha."

Nimeongeza. Macho yake ni ya kahawia, kama ya Gwakisa.

Sasa nimekaa mezani na fomu moja tupu, ambayo mzee atampa yule mwanamke kesho jioni akizinduka, kabla hajauliza swali. Nimeshindwa kuianza tangu asubuhi. Nilitaka kumwandikia mambo mengi, kwamba uvimbe umepungua tena, kwamba Tumpe anakuja Jumapili na atamkuta yeye, si mimi, kwa hiyo amkumbatie. Hayo yote nitayaandika. Lakini la kwanza nimeandika neno lile ambalo kila Jumatatu watu waliniletea nikawarudishia, nikisema si langu.

Pole.